Mkono tumeuona, majani hatukuyaona: filamu mbili juu ya farasi wa pori wa Marekani



Leo siko na habari ya mihogo wala ya concours ya kazi. Nataka tuongee juu ya filamu mbili za Marekani, zote mbili juu ya watu wanaochukua farasi wa pori na kumzoeza mpaka akubali kamba, tandiko na mkono wa mtu. Ya kwanza ni The Mustang ya mwaka 2019, hadithi ya kutungwa, iliyoongozwa na Mfaransa Laure de Clermont-Tonnerre. Ya pili ni Wild Horse, Wild Ride ya mwaka 2011, ya Alex Dawson na Greg Gricus. Ile inafuata watu wa kweli katika kazi ya kweli. Nimeziangalia kwa jicho la mtu aliyesoma agronomia, na jicho hilo linaharibu raha kidogo, mutanisamehe. Naona filamu hizi zinaujua vizuri sana mkono wa mtu, lakini majani haziyajui kabisa. Na bila majani huwezi kuelewa kwa nini huyo farasi amefika ndani ya zizi.

Najua wengi wetu hatujawahi kugusa farasi. Kwetu Congo wako wachache, na sababu moja kubwa ni mbung'o: ugonjwa wa nagana unaua farasi haraka kuliko ng'ombe wengi wa kienyeji. Kwa hiyo nitaeleza polepole.

Tuanze na mkono, juu hapo ndipo filamu ziko na nguvu.

The Mustang inamfuata Roman Coleman, mfungwa katika gereza la Nevada. Anaigizwa na Matthias Schoenaerts, Mbelgiji, mtu mwenye mwili mkubwa na maneno machache. Roman alimpiga mwenzi wake mpaka akamharibu ubongo, na binti yake anamtembelea kwa moyo mzito. Gerezani wanampa kazi ya kuzoa mavi ya farasi, na kwa njia hiyo anaingia katika kazi ya kuzoeza, chini ya mzee mkali anayeitwa Myles (Bruce Dern, safi kabisa). Programu yenyewe si ya kutungwa. Gerezani huko Carson City, Nevada, wafungwa wamekuwa wakizoeza farasi wa pori tangu mwaka 2000, halafu farasi wanauzwa kwa mnada.

Mwanzoni Roman anashindwa kuvumilia na anampiga farasi ngumi. Si moja. Mtu wa mifugo anageuza uso. Halafu inakuja ile sehemu ambayo nimeirudilia mara nne: farasi bado hataki, Roman amechoka, anakaa chini ndani ya zizi, amekata tamaa, hamwangalii tena. Na hapo ndipo farasi anasogea mwenyewe na kumgusa.

Rafiki niliyekuwa naye alisema, "Ona, amemsamehe." Hapana. Farasi hakumsamehe mtu. Farasi ni mnyama ambaye wengine wanamwinda. Macho yake yako pembeni ya kichwa ili aone karibu pande zote, na dawa yake ya kwanza kwa kila hatari ni miguu. Mtu anayemkazia macho na kumwendea mstari mmoja anafanana naye na mnyama wa kuwinda. Mzoezaji mwenye akili anasogea hatua moja, na farasi akimgeuzia sikio au akitulia hata kidogo, yeye anarudi nyuma. Zawadi si sukari, zawadi ni nafasi. Unaweka uzito, unauondoa, na farasi anajifunza kwenye ile sekunde unapouondoa. Wako wanaotumia mti mrefu wa mwanzi kumgusa mgongoni kutoka mbali kabla ya kumgusa na mkono, ili asilazimike kumvumilia mtu karibu mapema mno. Roman alipokaa chini aliondoa uzito wote kwa mara moja, bila kujua. Farasi akapata nafasi, na udadisi ukamleta.

Mimi naona hii inazidi muujiza. Muujiza huwezi kuurudia kesho saa mbili asubuhi, hii unaweza. Na uzuri wa ile sehemu ni kwamba filamu haielezi. Inaacha mtu na mnyama pale pale, inangoja pamoja nao. Mwenye kujua anaona fundi, asiyejua anaona roho mbili zinakutana, na wote wawili wanaridhika.

Kuna pahali pengine pa kusifiwa. Mwanasaikolojia wa gereza anawauliza wafungwa katika kikundi: kati ya wazo na tendo, ulipitisha muda gani? Mmoja mmoja wanajibu, na ni sekunde. Halafu wamekaa ndani miaka mingapi? Hapo ndipo nilielewa kwa nini wameleta farasi ndani ya hadithi hii. Farasi anamlazimisha mtu aweke muda kati ya wazo na mkono. Ukiruka huo muda, yuko upande ule wa zizi, na unaanza upya. Huwezi kumdanganya kwa maneno mazuri, maana hasikii maneno, anasikia mabega yako na pumzi yako.

Bon. Nusu ya pili inanichosha. Inaingia biashara ya ketamini, dawa ya kulaza farasi ambayo wafungwa wanaiiba, halafu vitisho, halafu mauaji. Dawa hiyo kweli inatumika kwa farasi, sitabishana, lakini hadithi yenyewe tumeiona katika kila filamu ya gereza. Kwa muda mrefu hivi nilisahau kwamba kuna mnyama. Na mwisho (msiopenda kuambiwa mwisho murukie aya inayofuata): farasi anashtuka siku ya mnada, anamuumiza Roman, wanaamua kumuua, na Roman anamfungulia njia akimbie. Watu wanalia. Mimi nikajiuliza swali la kijinga la mtu wa malisho: akimbilie wapi? Porini pale pale helikopta ilipomtoa? Na kwa nini ilimtoa?

Filamu inaanza na helikopta hiyo. Ni picha kubwa, vumbi, kundi linakimbia, linaingia katika mitego ya uzio. Tunaona ukali. Sababu inapita haraka kama tangazo.

Kabla ya sababu niseme ile ya pili, juu ndani yake kuna watu wa kujitolea ambao Roman, mfungwa, hawezi kuwawakilisha. Wild Horse, Wild Ride inafuata shindano linaloitwa Extreme Mustang Makeover, lililoanza mwaka 2007 chini ya shirika la Mustang Heritage Foundation pamoja na ofisi ya serikali inayosimamia ardhi ya umma, BLM. Masharti ni rahisi kukumbuka: wazoezaji 100, farasi 100, siku 100. Unapewa farasi usiyemchagua, hajawahi kuguswa, unaenda naye nyumbani, na siku 100 zikiisha munakutana Fort Worth, Texas, mbele ya watu. Kuna baba na mtoto wake wa kabila la Wanavajo, kuna ndugu wawili kutoka New Hampshire, kuna mwanamke mwenye doctorat. Hawafanani kwa chochote isipokuwa kwamba kila asubuhi wanaingia zizini.

Nguvu ya filamu hii iko nyumbani kwao, si Texas. Kule Texas ni muziki, taa, mtu anasimama wima juu ya mgongo wa farasi na watu wanapiga makofi. Kazi nzuri, sikatai, lakini nilikuwa natafuta kitu kingine: kwato. Programu za kuzoeza farasi hawa ili wapate wa kuwapokea zinadai mambo manne yasiyo na makofi: akubali kamba ya kichwa, afuate anapoongozwa, aingie ndani ya trela, na atoe miguu yote minne. Hilo la mwisho naliona kubwa kuliko kusimama juu ya mgongo. Porini Nevada farasi anatembea juu ya mawe kilomita nyingi na kwato inajisaga yenyewe. Muweke ndani ya uzio mdogo, udongo laini, na kwato inaota bila kusagwa. Kila wiki sita au nane mtu lazima aikate. Kama farasi hatoi mguu, mkata kwato harudi mara ya pili. Kwato ikirefuka farasi anachechemea, mwenyewe anachoka, anamtafutia mnunuzi, na si kila mnunuzi anataka kumpanda. Kwa hiyo yule mtu wa kujitolea anayeinamia mguu wa nyuma kwa wiki tatu, akipigwa teke mara mbili kwa siku, anaamua kama huyo farasi ataishi. Filamu inampa dakika chache. Makofi yanapata nusu saa.

Halafu mnada. Mzoezaji aliyelala karibu na farasi wake siku 100 hana haki juu yake. Akimtaka, anyooshe mkono na kuongeza bei kama mtu yeyote aliyekuja na pesa. Wako wanaoshindwa. Filamu inakaa juu ya machozi hayo, na machozi ni ya kweli kabisa.

Lakini sisi tuliomaliza chuo tunaijua hii hadithi kwa jina lingine. Bénévolat. Unatoa miezi kwa mali ya mtu mwingine, unasifiwa, unapewa cheti, halafu nafasi ya kazi ikifunguliwa unapanga foleni na wengine. Sisemi kujitolea ni upuuzi. Nimejitolea na ningejitolea tena. Nasema filamu iliyokaa na watu hawa miezi mitatu na zaidi ingeweza kuuliza: kwa nini kazi hii inategemea watu wa kujitolea? Nani ameacha shimo wanalolijaza?

Hapo ndipo tunafika kwenye majani.

Desemba 1971 rais Nixon alitia sahihi sheria ya kulinda farasi na punda wa pori katika ardhi ya umma. Nyuma yake kulikuwa miaka mingi ya mapambano ya Velma Johnston, mwanamke wa Nevada aliyepewa jina la Wild Horse Annie, juu wakati ule farasi walikuwa wanafukuzwa kwa ndege na magari ili wawe chakula cha mbwa. Sheria ilifanya kazi, na kufanya kazi kwake ndiko kulikoleta hesabu mpya. Maadui wakubwa wa farasi ni wachache katika sehemu nyingi za ukame ule, na kundi linaweza kukua mpaka asilimia 20 kwa mwaka, maana yake linaongezeka maradufu katika miaka minne au mitano. BLM inasema maeneo yaliyotengwa, karibu hekta milioni 11, yanabeba wanyama kama 25,500. Mwaka 2020 ilikadiria kuwa wako karibu 95,000. Mwaka 2024, baada ya kukamata wengi, karibu 73,500. Na waliokamatwa wanakaa wapi? Zaidi ya 60,000 wako ndani ya mazizi na malisho ya kukodi, na kuwalisha kunakula zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka.

Sasa weka farasi 100 wa shindano mbele ya hesabu hiyo. Hata ukiweka wote wanaochukuliwa na raia miaka hii ya karibuni, ni karibu 8,000 kwa mwaka. Kundi la 73,500 likikua kwa asilimia 15 tu linaongeza 11,000. Mkono haufikii.

Wanaopenda farasi watakuuliza: na ng'ombe? Wako na haki ya kuuliza. Katika ardhi hiyo hiyo ya umma wafugaji wana vibali, na mifugo inalisha eneo kubwa kuliko lile la farasi kwa mara nyingi. Wafugaji nao watajibu kwamba ng'ombe anaondolewa msimu ukiisha, farasi anabaki mwaka mzima. Zootechnie inaongeza neno lake: ng'ombe hana meno ya mbele juu, anazungusha ulimi na kung'oa, farasi ana meno juu na chini, anakata mpaka karibu na udongo. Tena hacheui. Chakula kinapita haraka, kwa hiyo anaishi kwa majani makavu mabaya ambayo ng'ombe angeyakonda, lakini lazima ale mengi. Pahali penye mvua kidogo, jani lililokatwa chini kila mwezi halirudi. Hayo yote ni ugomvi mkubwa na mzuri, wenye pande zaidi ya mbili. Katika filamu zote mbili sikumbuki dakika moja mtu anainama kuangalia chini anachokula huyu mnyama. Darasani tulikokotoa uwezo wa malisho kwa kalamu tu, bila kutoka nje. Nilidhani Wamarekani wenye kamera nzuri hivyo wangetoka.

Kuna kitu ambacho siwezi kuzilaumu, juu kilikuja baadaye, lakini kinabadilisha namna ya kuziangalia leo. Mwaka 2019, mwaka ule ule wa The Mustang, serikali ilianza kulipa dola 1,000 kwa kila mnyama ambaye raia anamchukua bila kuzoezwa. Idadi ikapanda. Mwaka 2021 gazeti la New York Times likaeleza kwamba wako waliochukua pesa, wakangoja mwaka mmoja wapate hati ya umiliki, halafu wakapeleka farasi kwenye minada ambako wanunuzi wa machinjio wananunua. Machinjio ya farasi ndani ya Marekani yalifungwa mwaka 2007. Lori zinaelekea Mexico na Canada. Ona tofauti: mtu wa siku 100 analia juu ya kumwacha farasi, mtu wa dola 1,000 anahesabu siku. Pesa ile ile ingeweza kulipa mikono inayofundisha kutoa mguu.

Tena kuna kundi la wajitoleaji ambalo sinema haijalipenda. Huko Colorado, kwa mfano kwenye milima ya Little Book Cliffs, wako raia wanaopanda na bunduki ya mshale wa sindano na daftari. Wanawajua farasi jike mmoja mmoja, rangi, doa la uso, mtoto wa mwaka jana. Wanawapiga chanjo ya PZP ili wasipate mimba, na mwaka unaofuata wanarudi, kwa sababu chanjo inataka kurudiwa. Hakuna zizi, hakuna kamba, hakuna mnada. Farasi anabaki kwao na majani yanapumua. Kwa kamera ni kazi mbaya: mtu amelala nyuma ya jiwe saa tatu, anasikika mlio mdogo, farasi anaruka, basi. Lakini kama ningepewa pesa ya kutengeneza filamu ya tatu, ningeanzia hapo.

Ama kwa punda. Sheria ya 1971 inawataja pamoja na farasi, sentensi moja. Filamu zimewasahau. Punda akiogopa mara nyingi hakimbii. Anasimama, anafikiri, na hapo watu wanamwita mkaidi. Kumzoeza kunataka uvumilivu wa namna nyingine, huwezi kumsukuma, unangoja amalize kufikiri. Akishazoea anaweza kulinda kondoo na mbuzi dhidi ya mbwa na wanyama kama mbweha, na watu wa ranchi wanamtafuta kwa kazi hiyo. Roman Coleman angepewa punda, naona filamu ingekuwa bora, na asingepata pa kupiga ngumi kwa sababu punda angemwangalia tu mpaka aibu imshike.

Kwa wenye kutaka kuziangalia: anzeni na The Mustang, na siku ya pili Wild Horse, Wild Ride, msizibadilishe, la sivyo ile ya gereza itaonekana uongo mtupu. Mwenye mega kidogo achukue ya pili peke yake. Watoto msiwaite kwenye ya kwanza, ile ya ngumi na ya kisu si yao. Na wale wa zootechnie, mukifika kwenye helikopta, simamisheni picha, muangalie ardhi iliyo chini ya miguu ya kundi: vumbi lote lile, na kijani kidogo namna gani.